Upepo wa Kompresa Hutoroka kwa Kasi Gani?

Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na ukasimamisha uzalishaji 2021. Kwenye mgodi wa wazi kama ule, mashine zinazotoboa matundu ya baruti hutegemea sana hewa: kompresa huishindilia, kisha hupuliza unga wa mwamba utoke tunduni ili biti isikwame. Wachimbaji wadogo, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu kule Geita, huendeshea upepo huohuo jekihama zao ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia.

Sasa chukua mpira wa kompresa uliochubuka pale unaposuguana na magogo ya mdomo wa duara. Tundu lina milimita 3, upana wa kichwa cha njiti ya kiberiti. Geji inasoma baa 7. Upepo unatoka kwa kasi gani?

Pale penye tundu, kama mita 317 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 1,100 kwa saa. Na hapo ndipo ukomo wake. Ongeza presha hadi baa 10, hewa haitapita tunduni kwa kasi zaidi. Itapita ikiwa nzito zaidi tu. Sharti ni kwamba presha kamili ya ndani ifikie takriban mara 1.9 ya ile ya nje. Kahama iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kidogo, kwa hiyo geji, ambayo husoma ziada tu juu ya presha ya nje, ikionyesha baa 0.8 sharti limeshatimia.

Wafaransa Saint-Venant na Wantzel walichapisha majaribio yao juu ya jambo hili mwaka 1839, na wengi hawakuwaamini. Maelezo yalikuja miaka ya 1880 kwa Osborne Reynolds wa Manchester: taarifa za presha husafiri ndani ya hewa kwa kasi ya sauti. Hewa ikishafikia kasi hiyo tunduni, mabadiliko ya nje hayawezi kupanda mkondo kurudi ndani. Kasi yenyewe ni ndogo kuliko ya sauti tuliyoizoea, kwa sababu hewa hupoa inapotanuka: iliyokuwa nyuzi 27 ndani ya tenki hupita tunduni ikiwa kama 23 chini ya sifuri. Kupoa kwa namna hiyo ndiko kunakofanya mdomo wa kutolea upepo wa jekihama ushike barafu, hata Shinyanga penye jua kali.

Fundi hahitaji fomula. Anazima kompresa, anafunga valvu za mashine zote, anatazama geji na saa. Tenki la lita 500 likishuka kutoka baa 7 hadi 6 kwa dakika moja, basi lita 500 hivi za hewa ya kawaida zimekwenda. Hicho ndicho kiasi kinachovujishwa na tundu letu la milimita 3. Likiwa la milimita 6, eneo lake ni mara nne, na baa hiyo moja itapotea ndani ya sekunde 15. Mimi naiamini saa kuliko sikio: mlio mkali huweza kutoka kwenye kijitundu kisicho na hasara yoyote ya maana.

Hasara ya tundu letu inajulikana. Kurudisha lita 500 kila dakika kunakula kama kilowati 3 na nusu, na kwa kompresa ya dizeli hiyo ni karibu lita moja ya mafuta kila saa, bila mwamba hata kuguswa.

Kwenye ile hesabu ya tenki na saa, usisahau mpira wenyewe. Mita 100 za mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 25 hubeba karibu lita 49, za kujumlishwa na zile za tenki.