Mimba Yangu, Kichwa Changu na Vidonge vya Damu

Mwezi wa kwanza wa kliniki hapa Malinyi nilimeza vidonge vya damu mara saba tu. Sikuvikataa. Nilisahau! Nina ADHD, hali ya ubongo inayovuruga umakini, kumbukumbu na mpangilio. Wengine tunaigundua ukubwani, tumeshaitwa wazembe vya kutosha.

Dawa yangu ya methylphenidate nilitaka kuiacha kimyakimya. Daktari akanikatalia: usiache wala usiendelee kwa kujiamulia, dawa ina mashaka yake na kukaa bila dawa kuna yake. Tukapima pamoja, tukaisimamisha, na yeye akawa ananifuatilia.

Kazi ikabaki kwangu. Bonde hili la Kilombero lina malaria, na malaria hula damu ya mama. Ndiyo maana kuna SP ya kliniki, kuanzia mwezi wa nne, dozi na dozi zikipishana mwezi au zaidi. Ile unaimeza mbele ya nesi, raha iliyoje! Ila ukisahau tarehe, dozi imekupita.

Mume wangu alinisema, "Hivi wewe mtoto humtaki?" Nililia usiku kucha. Asubuhi nikamweleza kwamba kusahau si kutokupenda. Akanyamaza, kisha akaomba kadi yangu, akaandika tarehe kwenye simu yake.

Vidonge navyo tumevining'iniza kwenye kamba ya chandarua. Nikishusha neti, mkono unavigusa. Maji yako kando ya kitanda. Chai hapana, inapunguza nguvu ya madini ya chuma.

Juzi kasahau yeye tarehe. Nilicheka, jamani!