Mtoto Msomaji na Historia ya Kale (2): Jua Lilikuwa Upande wa Kulia

Wiki iliyopita niliishia kwenye kilio cha wazazi wengi: mtoto wa miaka 12 amemaliza vitabu vyote vya rika lake, sasa anauliza habari za Misri na Roma, na mzazi hajui amkabidhi nini. Wengi hukimbilia kitabu kinene. Nami nilikimbilia. Nilimnunulia mjukuu wangu kamusi elezo ya dunia ya kale, picha za rangi kila ukurasa, bei yake sitaki kuikumbuka. Baada ya wiki mbili niliikuta imewekwa chini ya feni ili isitikisike.

Mtoto hakuwa na kosa. Kitabu kile kilikuwa kikitangaza tu: mfalme huyu alitawala miaka hii, piramidi ile ina urefu huu. Tumejuaje? Hakikusema. Mtoto anayesoma sana ameshachoka kuambiwa. Anataka aonyeshwe ushahidi na aachiwe apime mwenyewe. Basi ukiwa dukani, fungua kitabu popote, utafute mahali mwandishi anapoeleza habari ameipata wapi, au anapokiri kuwa ana shaka. Usipopaona, kirudishe rafuni.

Kwa kipimo hicho naanza na mzee Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK. Historia yake ina vitabu tisa, na kumpa mtoto vyote kwa mkupuo ni kumfukuza. Mwanzishie cha pili, kinachohusu Misri, kisha mrukishe hadi cha nne, kwenye kisa kifupi cha Farao Necho. Farao huyo, aliyetawala karibu mwaka 600 KK, aliwatuma mabaharia Wafoinike washuke Bahari ya Shamu, waizunguke Afrika na kurejea kwa Bahari ya Mediterania. Kila vuli walitia nanga, wakapanda nafaka, wakangoja mavuno, ndipo wakatweka tena. Mwaka wa tatu wakafika Misri. Wakasema kwamba walipokuwa wakiizunguka Afrika, jua lilikuwa upande wao wa kulia. Herodotus anaandika bila kuficha kwamba hilo yeye haliamini.

Hapo fungeni kitabu mtoke nje. Kama ni mwezi Juni nanyi mko Dar es Salaam au Mombasa, saa sita mchana, mwambie mtoto aelekee magharibi, kama mabaharia wale walipoizunguka ncha ya kusini ya Afrika. Jua litakuwa kuliani kwake, upande wa kaskazini. Mgiriki aliyezoea kuliona jua la adhuhuri upande wa kusini aliona huo ni uzushi. Lakini kwa wanahistoria wengi, neno hilohilo alilolikataa ndilo linaloipa safari ile uzito. Wapo wanaoipinga mpaka leo. Mwache mtoto achague upande wake.

Mjukuu wangu aliniuliza: kama hakuamini, mbona aliandika? Jibu limo humohumo, katika kitabu cha saba: Herodotus anasema kazi yake ni kueleza yanayosemwa, lakini hakulazimika kuyasadiki yote. Tahadhari moja tu. Kitabu cha kwanza kina baba anayelishwa nyama ya mwanawe bila kujua. Msome nyinyi kwanza.

Anayetaka kuiona dunia nzima kwa mara moja apewe kitabu kidogo cha historia ya dunia cha Ernst Gombrich. Alikiandika Vienna akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kikatoka mwaka 1935. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 2005, yeye akiwa ameshafariki. Anazungumza na mtoto kama mjomba anayemheshimu. Ila ukishatoka Misri, Afrika humo haionekani sana, na mtoto wetu aambiwe hivyo mapema.

Pengo hilo linazibwa kidogo na Periplus, mwongozo ulioandikwa kwa Kigiriki na mfanyabiashara wa Misri katika karne ya 1 BK. Hana maneno mengi: bandari hii ina gati, ile haina, huku wanauza hiki. Anashuka pwani yetu, anayoiita Azania, hadi soko la Rhapta, ambalo jina lake limetokana na vyombo vya kushonwa kwa kamba, kama mtepe wa Lamu. Kwetu walichukua pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Wakaleta mikuki, mashoka, visu na shanga. Rhapta ilikuwa wapi hasa? Mabingwa wanagombana bado, na mtoto hodari anaweza kuingia ugomvi huo akiwa na ramani na penseli tu.

Riwaya za kihistoria nitazigusa wiki ijayo. Kwa wiki hii, sura za Azania ni nne, zote fupi, na zinasomeka jioni moja kabla umeme haujakatika.