MIFUPA HAINA MDOMO, LAKINI INASEMA

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii tunaiandika kila siku katika insha zetu. Leo nataka kuwajulisha Mkenya mmoja aliyeinama kwelikweli, na alichookota kikaingia katika vitabu vya dunia nzima.

Huyo ni marehemu Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Ukambani, aliyefariki mwaka wa 2022. Hakuwa na shahada alipoanza kazi ya kutafuta visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Lakini jicho lake, masalale! Mwezi wa Agosti 1984, watafiti walioongozwa na Richard Leakey na Alan Walker walikuwa wamepiga kambi karibu na mto Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Siku hiyo ilikuwa ya mapumziko. Kamoya akatoka kutembea kando ya mto uliokauka, akaona kipande kidogo cheusi katikati ya kokoto nyeusi. Wewe na mimi tungekikanyaga tukapita. Yeye alitambua kuwa ni kipande cha fuvu. Basi wakachimba na kuchekecha mchanga kwa misimu kadhaa, hata wakapata mifupa zaidi ya 100 ya mtoto mmoja wa kiume. Leo anajulikana kama Mvulana wa Turkana, wa jamii ya Homo erectus, na mifupa yake imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Tuliposoma habari hizi darasani, mwenzetu mmoja aliangua kicheko. "Ati miaka milioni moja na nusu! Nani alikuwepo akahesabu?" Wengine wakamzomea, lakini mimi naona swali lake ni zuri sana. Mwanafunzi asikubali jambo kwa sababu tu limepigwa chapa. Hebu tuwaite mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni majivu. Zamani volkeno zililipuka na majivu yake yakatanda ardhini, tabaka juu ya tabaka. Ndani ya majivu hayo mna chembe zenye madini ya potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu hugeuka polepole ikawa hewa iitwayo argoni, nayo hunaswa humo humo. Mwendo huo haubadiliki. Ni kama bomba linalovuja: ukijua linadondosha matone mangapi kwa saa, ukitazama ndoo utajua lilianza kuvuja lini. Kwa kupima majivu yaliyo chini na juu ya mifupa, wataalamu walipata kuwa mvulana huyu aliishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.

Shahidi wa pili ni mifupa ya miguu na nyonga. Miguu yake ni mirefu na nyonga zake ni nyembamba, dalili ya kiumbe aliyetembea wima kama sisi. Ng'ambo ya ziwa, huko Ileret, zimepatikana nyayo za umri kama huo zilizobaki kwenye tope lililokauka. Kidole gumba kimelingana na vingine, si kama cha sokwe kinachojitenga ili kushika tawi. Tena huko magharibi mwa ziwa, mahali paitwapo Kokiselei, yamechimbuliwa mashoka ya mkono ya mawe yenye umri wa miaka milioni 1.76. Kumbe watu wa jamii yake walijua kuchonga zana!

Shahidi wa tatu ndiye aliyenishangaza zaidi, nalo ni jino. Jino linapokua huacha mistari midogo sana, mithili ya miviringo ndani ya shina la mti. Ukitazama kwa hadubini unaweza kuihesabu. Kimo cha mvulana huyu kilikuwa yapata sentimita 160, na ukimwona kwa mbali ungedhani ni mwenzetu wa sekondari. Lakini meno yake yanasema alikuwa na miaka 8 au 9 tu! Ubongo wake nao ulikuwa na ukubwa wa sentimita za ujazo 880 hivi, ilhali wa mtu mzima wa leo hukaribia 1,350. Hata taya lake linaonyesha dalili za ugonjwa wa ufizi. Maskini, huenda alilia usiku kwa maumivu ya jino kama mtoto yeyote.

Waama, hapo ndipo penye funzo. Mvulana wa Turkana alikua haraka, utoto wake ukawa mfupi. Sisi hukua polepole. Tunakaa miaka mingi chini ya wazazi na walimu, na wengine wetu hunung'unika kuwa shule haiishi. Wataalamu wengi wanaona kuwa utoto huu mrefu ndio unaompa mwanadamu nafasi ya kujifunza lugha, ufundi na mambo mengine yote yanayomtofautisha na wanyama. Samaki mkunje angali mbichi, na sisi tumepewa ubichi wa miaka mingi kuliko yule mvulana.

Basi wenzangu, mwenye swali na aulize, bora awe tayari kuinama atafute jibu.