Jina na Alama katika Majaribio ya Programu

Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hujifunza mapema kwamba umbo la neno si mwongozo wa kutegemewa daima. Neno kiongozi laanza kwa ki- kama kitabu na kisu, lakini twasema kiongozi amefika, wala hatusemi kiongozi kimefika. Waandishi wa programu za kompyuta nao walikutana na tatizo lililo karibu na hilo, na njia waliyoifuata kulitatua yastahili kuangaliwa na watu wa lugha.

Programu kubwa haikaguliwi kwa macho tu. Mwandishi huandika pia mafungu madogo ya amri ambayo kazi yake ni kuijaribu. Mathalani, fungu moja laweza kuweka shilingi 100 katika hesabu tupu, likatoa 30, kisha likadai kwamba zilizobaki ni 70. Majaribio ya namna hii yaweza kufika maelfu, nayo huendeshwa na programu nyingine, ambayo hapa tutaiita msimamizi. Basi msimamizi atajuaje fungu lipi ni jaribio, na lipi ni la kusaidia tu?

JUnit, programu ya kusimamia majaribio katika lugha ya Java, iliyoanzishwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997, hapo kwanza ilijibu swali hilo kwa kutazama jina. Fungu ambalo jina lake lilianza kwa "test" lilihesabiwa kuwa jaribio. Fungu lililoitwa "setUp" liliendeshwa kabla ya kila jaribio ili kuandaa mahitaji, na "tearDown" baada yake ili kusafisha. Kanuni ilikuwa nyepesi, lakini ilikuwa na hatari. Mwandishi aliyepindua herufi mbili akaandika "tset", fungu lake halikuendeshwa, wala hakupata onyo. Ripoti ilisema kwamba majaribio yote yamefaulu, na kweli yote yaliyoendeshwa yalikuwa yamefaulu. Lile moja halikuulizwa neno. Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili. Jaribio linaloshindwa humwonya mwandishi, bali jaribio lisiloendeshwa humpa amani isiyo na msingi.

Mwaka 2004 toleo la 5 la Java lilileta alama ambazo mwandishi aweza kuzitia juu ya fungu, kila moja ikianza kwa @. Alama peke yake haibadili amri zilizomo ndani ya fungu. Hueleza hali ya fungu hilo kwa programu itakayolisoma. JUnit 4, iliyotolewa mwaka 2006, ilizitumia alama hizo: @Test kwa jaribio, @Before kwa maandalizi, na @After kwa kusafisha. Tangu hapo jina likawa huru kueleza maana, na kazi ya kutambulisha ikabebwa na alama. Zaidi ya hayo, mwandishi akikosea akaandika @Tset, kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi kuwa amri za mashine, huikataa kazi yake papo hapo, kwa kuwa hakuna alama iliyotangazwa kwa jina hilo. Kosa lililokuwa kimya limepata sauti.

JUnit 5, ya mwaka 2017, ilizidi kuzinyosha alama zenyewe. @Before husema "kabla", lakini kabla ya kila jaribio, au kabla ya yote kwa pamoja? Toleo hilo likatenga @BeforeEach, ya kila jaribio, na @BeforeAll, ya mara moja tu. Tofauti hii si ya maneno matupu. Kitu kilichoandaliwa mara moja chaweza kuharibiwa na jaribio la kwanza, na la pili likashindwa bila kosa lake. Ikaja pia @Tag, ya kuyagawa majaribio katika vikundi, na @DisplayName, iruhusuyo jaribio lipewe sentensi kamili, hata ya Kiswahili: "Hesabu haipungui chini ya sifuri".

Hata hivyo, alama hazikuondoa kila hatari. Mwandishi aliyesahau kuitia @Test hupatwa na ukimya uleule wa zamani. Tena, @Test ya JUnit 4 na @Test ya JUnit 5 huandikwa sawasawa, lakini asili zake ni mbali, kama paa wa porini na paa la nyumba. Sentensi hututenganishia maneno hayo mawili kwa upatanisho. Katika Java kinachotenganisha ni tangazo lililo juu ya ukurasa, lisemalo alama imetoka wapi. Mtu akichukua @Test mpya pamoja na @Before ya zamani, kompaila haitalalamika, lakini maandalizi hayataendeshwa.

Kwa hiyo hekima ya kazi hii ni mbili. Kwanza, jaribio jipya lisiaminiwe mpaka limeonekana likishindwa mara moja kwa makusudi, maana lisiloweza kushindwa huenda haliendeshwi kabisa. Pili, idadi iliyotajwa katika ripoti ilinganishwe na idadi iliyoandikwa. Alama njema humwezesha mwandishi kutamka analokusudia. Kuhakikisha kwamba amesikiwa ni juu yake mwenyewe.