Nyumba Pacha, Nyumba Mbili kwa Moja na Nyumba Ndogo: Kulitaja Jengo Lililoungana

Katika Uingereza ya enzi ya Malkia Victoria (1837–1901) vilijengwa vijumba vingi vya mawe vilivyosimama viwiliwili, kila kimoja kikishirikiana na mwenzake ukuta wa katikati. Kiswahili kina msamiati wa kutosha wa kulieleza jengo la namna hii. Ugumu umo katika kuchagua, kwa kuwa baadhi ya maneno yanayokuja upesi mdomoni yana maana nyingine.

Jina la jengo. *Nyumba ndogo* ni tafsiri ya kuepukwa. Katika matumizi ya Tanzania, fungu hilo humaanisha hawara, au makazi ya siri ya mume nje ya ndoa. *Kijumba cha mawe* ni salama zaidi, ingawa kiambishi *ki-* chaweza kusikika kama dharau; pale heshima inapohitajika, andika *nyumba ya mawe ya kijijini*. Ikumbukwe pia kwamba kwa msomaji wa pwani *nyumba ya mawe* huleta picha ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, yaani kuta za mawe ya matumbawe na chokaa.

*Nyumba pacha* hupendeza, lakini peke yake haitoshi. *Minara pacha* ni miwili, inafanana, na imeachana. Kwa hiyo sema *nyumba pacha zilizoungana*. Ukitaja upande mmoja tu, sema *nyumba iliyoungana na nyingine kwa ukuta mmoja*.

Mbili kwa moja. Mkoani Njombe, kama kwingineko Tanzania, dhana hii haihitaji kuagizwa ng'ambo. Nyumba za walimu na za watumishi wa afya hujengwa kwa muundo huo, na taarifa za halmashauri huziita *nyumba mbili kwa moja*. Hapa ndipo hesabu hupotea. Istilahi hii hutaja jengo zima, ilhali istilahi ya Kiingereza hutaja nusu yake. *Nyumba tatu za walimu, mbili kwa moja*, ni majengo matatu ya kukaa familia sita. Mtafsiri akiandika nyumba tatu bila maelezo, walimu watatu wamekosa pa kulala katika karatasi. Taja idadi ya majengo, kisha idadi ya familia.

Ukuta. Ukuta unaogawa nyumba hizo ni *ukuta wa pamoja*. Usiuite *kiambaza*, neno linalofaa ukuta wa udongo na fito au ukuta mwembamba wa kutenga vyumba. Ukuta wa pamoja hubeba paa, huzuia moto na sauti, na katika hati za umiliki huwahusu majirani wote wawili. Katika kijumba cha Kiingereza mara nyingi hubeba pia *dohani* moja inayotoa moshi wa meko mbili zilizopeana mgongo, na hivyo joto la majirani wote hubaki ndani. Kwa dohani ya mawe au matofali, *bomba la moshi* halifai sana, kwa sababu bomba huashiria chuma.

Kizingiti na lenta. Jiwe linalolala juu ya mlango ni *kizingiti cha juu*. *Lenta* ya mafundi wa leo ni mkanda wa zege wenye nondo, ambao kwa kawaida huzunguka kuta zote. Kijumba cha mawe cha zamani hakina kitu hicho.

Chokaa na saruji. Maneno haya hayabadilishani nafasi. Kuta za zamani ziliungwa kwa chokaa, inayoruhusu unyevu kutoka. Viungo vikizibwa kwa saruji ngumu, unyevu hunaswa na mawe huanza kumeguka. Mtafsiri wa mwongozo wa ukarabati akikosea hapa, ataharibu ukuta wa mtu.

Sifa ya kihistoria. Ukitoka Makambako, zinapokutana reli ya TAZARA na barabara kuu ya Dar es Salaam–Mbeya, ukapanda hadi Njombe, utaona nyumba nyingi za matofali ya kuchoma na, hapa na pale, nyumba ya zamani yenye dohani, ishara ya baridi ya Juni na Julai. Mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba hizo ni nyumba za enzi ya Victoria. Malkia huyo alipofariki mwaka 1901, nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani. Waingereza waliishika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. *Nyumba ya enzi ya ukoloni* ndiyo sifa ya kweli, na kama mwaka wa ujenzi unajulikana, mwaka huo ni bora kuliko sifa yoyote.

Mfano wa matumizi: *Kijiji kilijenga nyumba mbili kwa moja za walimu, majengo mawili ya kukaa familia nne, kila jengo likiwa na ukuta wa pamoja uliopanda hadi chini ya bati.*