PAA LA GARI LA KUVULIWA NA KURUDISHWA: LINAZUIA MVUA, HALIZUII KIFO



Hapa Muganza, katika bonde la Bugarama, tunalijua jua. Mto Rusizi unapoiacha nchi yetu uko kwenye mita 950 hivi kutoka usawa wa bahari, na hakuna pahali pa chini zaidi katika Rwanda yote. Lakini shoferi akiondoka kwenye mpunga wetu na kupanda kuelekea mashamba ya chai ya Shagasha na Gisakura, anakuta baridi na mvua. Asubuhi alitaka upepo, mchana anatafuta pa kujificha. Gari la wazi lenye paa gumu la kuvuliwa na kurudishwa liliundwa kwa ajili ya shida kama hiyo.

Makala hii ni kwa ajili ya ndugu zetu wa garaji na karakana wanaofunga paa hilo, na kwa ajili ya wale wanaopakiwa chini yake.

Lilikotoka

Wengi wetu tunalijua paa hili kutoka kwenye Land Rover. Kampuni ya Rover ya Uingereza ilionyesha gari hilo mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948. Chuma kilikuwa haba baada ya vita, kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Mwanzoni gari lilifunikwa kwa turubai, kisha likaja paa gumu la vipande vilivyoshikwa kwa bolti. Kwa nchi za joto waliongeza bamba la pili juu ya paa, wakaacha nafasi ya hewa katikati, ili jua lichome bamba la juu na watu walio ndani wapate nafuu. Magari ya ukoo huo yaliendelea kuundwa huko Solihull mpaka Januari 29, 2016. Toyota Land Cruiser za namba 40, zilizoanza mwaka 1960, nazo zilikuwa na mapaa ya kuvuliwa.

Matajiri pia wana ya kwao. Mercedes-Benz 230 SL ya mwaka 1963 ilikuwa na paa gumu lililobonyea katikati, na Mazda MX-5 ya mwaka 1989 ilikuwa na paa lenye uzito wa kilo 20 hivi. Magari hayo ni ya starehe, lakini anayelibeba paa ni fundi yule yule.

Kazi yenyewe

Paa la Land Rover lisibebwe na mtu mmoja wala wawili. Wawepo watu wanne, mmoja kila pembe, na mmoja kati yao atoe amri. Wote wavae glavu, kwa kuwa ukingo wa bamba hukata kama kisu. Gari liegeshwe pahali pa tambarare, breki ya mkono ivutwe, na magurudumu yawekewe vigingi. Upepo ukiwa mkali, kazi ingoje. Paa pana likishikwa na upepo linawashinda hata wanaume wanne.

Kwanza safisha kingo zote na kukagua mipira ya kuzuia maji. Mpira uliokauka na kupasuka utupwe. Kufunga paa jipya juu ya mpira mbovu ni kufanya kazi mara mbili.

Pili, simamisha kioo cha mbele na kulegeza kidogo bolti za bawaba zake, ili fremu iweze kusogea kulifuata paa.

Tatu, weka mbavu za pembeni juu ya bodi. Tia bolti zake zote kwa mkono, bila kukaza.

Nne, inua paa kwa pamoja na kulishusha taratibu juu ya mbavu na juu ya fremu ya kioo. Asiwepo mtu anayeingiza kidole kuangalia kama tundu limekaa sawa. Tumia msumari mrefu au bisibisi kuyalinganisha matundu.

Tano, bolti zote zikiisha kuingia, ndipo ukaze. Kaza kidogo kidogo, leo hapa kesho pale haifai: anza pembe moja, nenda pembe ya kinyume chake, kisha rudi. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho, upande wa pili utainuka na milango itakataa kufunga. Chini ya kila nati weka wasa pana, maana alumini ni laini na nati peke yake huitoboa.

Mwisho, mtu mmoja akae ndani na mwenzake amwage maji juu. Panapovuja patie alama. Baada ya wiki moja ya barabara mbaya, pitia bolti zote tena.

Kwa gari dogo la starehe, turubai lake likunjwe kabla paa halijaletwa, na vioo vya milango vishushwe. Paa hushikwa na ndoano mbele, juu ya fremu ya kioo, na kwa vishikio au bolti nyuma ya viti. Kama kioo cha nyuma kina waya wa umeme wa kukausha umande, uchomoe kabla ya kulivua paa.

Saruji na maji

Sisi wa Muganza tuna jambo la kuongeza. Jirani yetu ni kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza kazi mwaka 1984, na magari mengi hapa hubeba saruji. Vumbi la saruji likilowa huila alumini, kisha huganda kwenye mifereji ya paa na kwenye nyuzi za bolti. Vilevile, pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huoza na kuwa unga mweupe. Kwa hiyo paa lifagiliwe likiwa kavu, kisha lioshwe kwa maji mengi. Bolti zipakwe grisi, na kati ya alumini na chuma kuwe na mpira au rangi.

Nani alipe mkwaruzo?

Siku moja niliitwa kumtetea kijana wa garaji moja ya mkoa huu. Aliambiwa alivue paa yeye na mwenzake, watu wawili tu, kwa sababu wengine walikuwa na kazi. Paa liliteleza, likakwaruza mlango na kumponda vidole viwili vya mguu. Mwenye garaji alitaka kukata mshahara wake kulipia rangi. Juu ya vidole hakusema kitu.

Tulimwuliza maswali matatu. Nani alipanga watu wawili kwa kazi ya wanne? Glavu na viatu vya kazi viko wapi? Nani aliandika hali ya gari lilipoingia? Hakuwa na jibu hata moja. Mshahara haukukatwa, na kijana alilipiwa matibabu. Ndugu zangu, maswali hayo ulizeni kabla mtu hajaumia.

Paa si ngome

Sasa tuseme na wale wanaopakiwa. Watu wengi wakiona paa gumu hudhani gari limekuwa salama kama nyumba. Sivyo. Bamba jembamba la alumini lililoshikwa kwa bolti limewekwa kuzuia jua, mvua na vumbi. Halikuwekwa kubeba uzito wa gari lililopinduka kwenye kona za milima yetu. Tena paa linaongeza uzito juu, na likipakiwa magunia gari huwa jepesi kupinduka.

Kinachosaidia gari linapopinduka ni fremu ya mabomba ya chuma iliyoshikwa imara kwenye chesisi, pamoja na mkanda kwa kila mtu. Sweden ilitambua jambo hili mapema kwa upande wa matrekta. Tangu mwaka 1959 iliagiza kila trekta jipya liwe na fremu ya namna hiyo. Haikuagiza mwavuli wa jua.

Kuna na hatari isiyoonekana. Gari lenye paa gumu likiendeshwa na mlango wa nyuma wazi, hewa ya nyuma huvutwa ndani pamoja na moshi wa ekzosi. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Watu wakianza kuumwa kichwa na kusinzia wote kwa pamoja, msiseme ni uchovu wa shamba. Simamisheni gari, wote washuke wapate hewa, kisha bomba la ekzosi likaguliwe.

Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, juu ya usalama katika kilimo, unasema katika kifungu cha 10 kwamba mashine za kilimo zisitumike kubeba watu ila zile zilizoundwa au kurekebishwa kwa kazi hiyo. Kulifunika tela kwa paa si kulirekebisha. Watu wanahitaji viti, mikanda, pa kushika na pa kupandia.

Mambo ya kudai

Kila kamati ya wafanyakazi, ya kiwanda au ya shamba, iweke mambo haya mbele ya mwajiri kwa maandishi:

1. Kuvua na kurudisha paa zito ni kazi ya watu wanne, na saa zao zihesabiwe.
2. Glavu na viatu vya kazi vitolewe na mwajiri.
3. Hali ya gari iandikwe na kutiwa sahihi linapoingia garajini, ili mkwaruzo wa jana usilipwe na fundi wa leo.
4. Gari la kupeleka watu kazini liwe na viti na mikanda, na ekzosi yake ikaguliwe.
5. Shoferi asilazimishwe kuondoka na watu wengi kuliko viti.

Kiangazi kinapoanza mwezi wa Juni, mapaa mengi huvuliwa. Mvua za Septemba zikikaribia, yatarudishwa. Basi kamati zikutane kabla ya hapo, na karatasi ya madai iwe tayari.

Umoja ni nguvu.