Paa Lisilo na Jina

Picha ya kwanza ya angani ilipigwa Ufaransa mwaka 1858, pale Gaspard-Félix Tournachon, aliyejulikana zaidi kwa jina la Nadar, alipopanda puto juu ya kijiji cha Petit-Bicêtre karibu na Paris. Picha hiyo ilipotea. Kongwe kuliko zote zilizosalia ni ya mji wa Boston, Marekani, aliyoipiga James Wallace Black mwaka 1860, naye akiwa katika puto.

Puto lilipokewa na ndege, kisha zikaja helikopta, setilaiti na ndege nyuki. Katika mabadiliko yote hayo, jicho la angani limeendelea kuona kitu tofauti kabisa na kile anachokiona mpita njia. Aliye chini huona mlango, ukuta wa mbele na kimo cha jengo. Aliye juu huona paa, umbo la kiwanja na namna jengo lilivyokaa kati ya majirani zake. Kimo hupotea, na hapo ndipo kivuli kinapokuwa na thamani: Mnara wa Eiffel ukitazamwa kutoka juu yake moja kwa moja ni mraba wa vyuma tu, lakini jua likiwa chini, kivuli chake kilicholala ardhini huuonyesha mnara mzima.

Yapo majengo ambayo sura yake halisi iko juu. Kanisa la Mtakatifu George huko Lalibela, Ethiopia, lilichongwa kwa kushuka ndani ya mwamba hadi paa lake likalingana na ardhi inayolizunguka. Anayelikaribia kwa miguu halioni mpaka afike ukingoni mwa shimo, ilhali kwa rubani ni msalaba mkubwa uliokatwa katika jiwe. Mlima Kilimanjaro nao una siri ya aina hiyo. Kutoka mji wa Moshi, kilele chake cha Kibo ni kuba jeupe; rubani Mswisi Walter Mittelholzer, aliyeruka juu yake mwaka 1930, alipiga picha zinazoonyesha kileleni mdomo mpana wa volkeno, na ndani yake mdomo mwingine wa mviringo uliochimbika katikati. Watu wa nyanda za chini walioishi na mlima huo vizazi na vizazi hawakuwa na pa kusimama ili wauone hivyo.

Dubai ilikwenda mbali zaidi. Ujenzi wa Palm Jumeirah ulianza mwaka 2001 kwa kumwaga mchanga uliovutwa kutoka chini ya bahari ya Ghuba, ukakingwa na boma la mawe la kuvunja mawimbi lenye urefu wa kilomita 11 hivi. Mkazi wake akitoka nje huona barabara, nyumba na maji. Mti wa mtende hauoni, kwa sababu umechorwa kwa ajili ya mtu aliye angani. Mahali kama hapa hapahitaji maelezo chini ya picha. Umbo lenyewe linajitambulisha.

Nyumba za watu maarufu ni habari nyingine. Chache tu hujitangaza. Shamba la Neverland la California, alilolinunua Michael Jackson mwaka 1988, lilijulikana mara moja kwa reli na bembea zake kubwa zilizokaa katikati ya vilima vikavu. Nyumba ya mwigizaji John Travolta huko Florida iko kando ya njia ya kurukia ndege, na kwa miaka mingi ndege yake ya abiria, Boeing 707, iliegeshwa hatua chache kutoka sebuleni. Nyingi zilizobaki ni paa, bwawa la kuogelea na miti iliyopandwa kuzuia macho ya barabarani. Kinachozigeuza kuwa nyumba za watu maarufu ni jina linaloandikwa chini ya picha.

Ukweli huo haukupata kuonekana wazi kama katika kesi ya nyumba moja ya Malibu, California. Mwaka 2002 Kenneth Adelman, mhandisi aliyestaafu, alianza kupiga picha pwani ya California kutoka helikopta iliyorushwa na mkewe, Gabrielle. Walikusanya zaidi ya picha 12,000 na kuziweka kwenye intaneti bure, ili kumbukumbu iwepo ya mmomonyoko wa ufuo na ya kuta zinazojengwa kinyume cha sheria. Kazi hiyo ilistahili kila sifa. Picha namba 3850 ilionyesha genge la bahari, na juu yake nyumba ya mwimbaji Barbra Streisand, ikiwa na jina lake.

Mwaka 2003 Streisand alifungua kesi akidai fidia ya dola milioni 50. Hadi siku hiyo picha ilikuwa imepakuliwa mara sita, mbili kati ya hizo na mawakili wake mwenyewe. Habari za kesi zilipoenea, zaidi ya watu 420,000 waliitembelea tovuti hiyo katika mwezi mmoja. Mahakama iliitupilia mbali kesi na kumwamuru alipe gharama za utetezi, zaidi ya dola 150,000. Mwaka 2005 mwandishi Mike Masnick aliliita jambo la namna hii, la kuficha kitu kukakitangaza, athari ya Streisand, na jina hilo limebaki.

Simulizi hiyo husemwa mara nyingi kwa kumcheka, na si haki. Katika tawasifu yake ya mwaka 2023 Streisand alieleza kwamba kilichomkera ni jina lake kuambatanishwa na picha, si picha yenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Uchunguzi wa mmomonyoko ulihitaji kuonyesha genge, ukuta na ngazi za kushukia ufukoni. Jina la mwenye nyumba halikuongeza lolote katika kazi hiyo, ila lilimpa kila mgeni ramani ya mahali mtu anapolala.

Google Earth ilipotolewa mwaka 2005, mapaa ya dunia nzima yakawa wazi kwa mwenye kompyuta. Setilaiti ya WorldView-3, iliyorushwa mwaka 2014, huzunguka kilomita 617 juu ya dunia, na nukta moja ya picha yake hufunika takriban sentimita 31 za ardhi. Kwa kipimo hicho gari huonekana vizuri, mtu huwa doa, na uso hauonekani kabisa. Picha zilizo kali zaidi katika programu za ramani kwa kawaida hupigwa na ndege za kawaida.

Sheria imekuwa ikifuata nyuma. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya mfugaji wa kuku wa North Carolina aliyesumbuliwa na ndege za jeshi, ilikataa kanuni ya kale kwamba mwenye ardhi humiliki anga lote lililo juu yake. Ilikubali, hata hivyo, kwamba ndege zikipita chini mno zinaingilia mali yake. Ndege nyuki zimelirudisha swali hilo karibu na dirisha. Mwaka 2015 California ilipanua sheria yake ya faragha ili kuingia katika anga la kiwanja cha mtu bila ruhusa, kwa lengo la kumrekodi katika mambo yake ya binafsi, kuhesabiwe sawa na kuruka ua wake. Kenya nayo ilitunga kanuni za ndege nyuki mwaka 2020, na usajili wa vyombo hivyo uko chini ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo.